Kiti cha Kutazamia

Kwa miaka ishirini na sita yule mama alikuwa mlangoni mwa ukumbi wa maigizo, akichana tiketi na kuwapeleka watu kwenye viti vyao, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona amekaa. Wote walimwita Mama Tulieni, kwa sababu kabla pazia halijafunguliwa alipita katikati ya safu akiwaambia watazamaji, "Tulieni jamani, tulieni, mambo yanaanza." Yeye mwenyewe kutulia hakukujua. Hata chai nyumbani aliinywa wima. Mumewe, fundi cherehani aliyestaafu, alipenda kusema kwamba aliposa mwanamke akaletewa upepo.

Basi mwaka ule bodi ya ukumbi ikaamua kung'oa viti vya zamani. Vilikuwa vya mbao, vimelegea viungo, na kimoja kilikuwa kimemvunjikia mwalimu mkuu mmoja katikati ya onyesho la msiba, watu wakacheka mpaka marehemu aliyelala jukwaani akaanza kutikisika tumbo. Baada ya aibu ile, meneja, kijana msomi mwenye haraka zake, aliagiza viti vitatu vya mfano vikaletwa na kupangwa kwenye lango la kuingilia, ili kila apitaye ajaribu.

Cha kwanza kilikuwa chekundu, kinene, mahameli tupu, kinammeza mtu mpaka mabegani. Cha pili kilikuwa cha kijivu, sponji yake ngumu, egemeo limenyooka. Ukikitazama unadhani kimeibwa zahanati. Cha tatu kilikuwa cha kukunjika: ukiinuka, chenyewe kinajifunga.

Watu wakajaribu. Kila aliyekaa kwenye chekundu alifumba macho na kusema, "Ahaa! Hapa ndipo." Cha kijivu walikigusa kwa ncha za vidole wakapita.

"Umeona mwenyewe, mama," meneja akamwambia. "Hapa hata kura hatuna haja ya kupiga. Jumatatu bodi inakutana, tunamaliza."

Mama Tulieni akaitikia kwa kichwa. Lakini kuna kitu hakijakaa sawa, na hakujua ni nini. Alikiendea kile kiti chekundu, akakibonyeza, akaondoka, akarudi tena. Siku ile alimpeleka mtu wa safu ya pili kwenye safu ya kumi, kosa ambalo hakuwa amelifanya tangu aajiriwe. Njiani kurudi nyumbani ndipo jibu lilipomjia, akasimama katikati ya barabara mpaka mwendesha baiskeli akamfokea. Watu walikaa dakika mbili! Na mchezo huchukua saa mbili na nusu.

Meneja aliwajua watazamaji kwa nyuso zao walipoingia. Mama Tulieni aliwajua kwa visogo. Alikuwa amesimama nyuma yao miaka yote, akaona shingo zinavyonyooka mtu anapovutiwa, magoti yanavyohangaika, na nani huaga wakati wa mapumziko akisingizia mgonjwa nyumbani. Mmoja wa walioacha kabisa kuja alikuwa mumewe. Mgongo. Kwa miaka tisa sasa mke anaendelea na kazi ukumbini na mume hajui hata kinachoigizwa. Jambo hilo hawakulizungumza kamwe, lakini lilimkaa Mama Tulieni kama mwiba wa samaki kooni.

Siku ya pili akamwendea mwongozaji wa maigizo. "Jumamosi mnafanya mazoezi ya mchezo mzima?"

"Mzima, sehemu zote tatu."

"Niwekee watu watatu ukumbini. Hawatakusumbua."

"Mama, mimi nakujua. Wewe peke yako ni usumbufu wa watu kumi." Lakini alikuwa anacheka, na akakubali.

Jumamosi akaleta watu wake: mumewe mwenye mgongo, wifi yake, dada wa huyo mume, mfupi na mnene, na seremala wa jukwaa, mrefu kama mlingoti. Viti vya mfano vikawekwa nyuma ya safu za zamani, na kila sehemu ya mchezo ikiisha wabadilishane.

Sehemu ya kwanza mumewe alipewa chekundu. Robo saa ya mwanzo alikuwa sultani. Baadaye akaanza kuteleza kidogo kidogo, kidevu kikakutana na kifua, na sehemu ilipokwisha ilibidi seremala amshike mikono miwili amvute.

"Mama watoto," akasema, ameshika kiuno, "hiki si kiti, hiki ni shimo lililovikwa nguo."

Wifi mtu alikuwa kwenye cha kukunjika. Kila alipojiinua ili aone vizuri, kiti kilijifunga nyuma yake, pwaa! Mara ya kwanza mwigizaji akasahau maneno. Mara ya tatu wifi aliporudi kukaa alikuta hewa, akaenda chini mzima mzima.

"Wifi, umeniita kutazama mchezo au umenileta niuigize?" akauliza akiwa sakafuni.

Zamu yake ya chekundu ilipofika, wifi akapanda. Miguu ikaning'inia kama ya mtoto kwa kinyozi, na kwa jinsi alivyozama hakuona jukwaa, aliona migongo ya viti tu. Seremala ndiye aliyeanzia kwenye cha kijivu. Akasema kiti hakina neno, ila magoti yake yanagonga safu ya mbele. Kosa ni la nafasi. Mama Tulieni akatoa utepe wa kupimia aliouazima kwa mumewe, akapima: inchi nne zilikosekana.

Sehemu ya tatu mumewe ndiye aliyekaa kwenye cha kijivu. Mama Tulieni akasimama nyuma, asiutazame mchezo hata kidogo, macho kwenye kile kisogo chenye mvi. Dakika kumi. Ishirini. Kisogo hakikusogea. Mwishoni mzee alikuwa anafuta machozi kwa kiganja, na alipoulizwa kuhusu kiti akajibu, "Kiti gani?"

Jumatatu Mama Tulieni akabisha hodi kwenye mkutano wa bodi bila kualikwa. Meneja, aliyekuwa amewapangia wajumbe viti vile vitatu vya mfano mbele yao, akakunja uso.

"Mama, watu wameshachagua."

"Wamechagua pa kupumzikia, mwanangu. Hawajachagua pa kutazamia." Akamgeukia mwenyekiti. "Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mheshimiwa mwenyekiti, nakuomba kitu kimoja tu. Kaa kwenye hicho chekundu mpaka kikao chenu kiishe."

Mwenyekiti, mama mzito mwenye maneno machache, akakubali kwa mzaha. Kikao kikaendelea. Nusu saa akawa anageuka huku na huku. Saa moja akawa amekaa upande. Ilipopita saa moja na nusu akaifunga ajenda katikati na kusema, "Naomba mnisaidie kuinuka." Hakuna aliyethubutu kucheka kabla yeye hajacheka.

Wakapitisha cha kijivu, kwa kitambaa chekundu ili macho nayo yapate haki yake, na zile inchi nne kati ya safu. Lakini inchi hizo zilimeza safu mbili. Viti mia tatu na ishirini vikawa mia mbili na themanini.

"Hivyo arobaini umevitupa wewe, si mimi," meneja akamwambia kwenye ngazi.

Neno hilo likamfuata miezi miwili. Alikuwa anakwangua sufuria, akiwaza arobaini. Anafagia, arobaini. Je, kama amekosea? Mafundi walipokuwa wanakaza skurubu, alipita kila kiti akikitikisa, mpaka wakamwomba aende nyumbani.

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa, na watu wakabaki nje. Ni yeye aliyetakiwa kuwarudisha, kwa mdomo wake mwenyewe. Mama mmoja aliyetoka mbali na binti zake wawili alimtazama tu, akageuka. Ingekuwa heri angetukana.

Ndani, mumewe alikuwa safu ya tatu. Wakati wa mapumziko watu walitoka, wakanyoosha miguu, wakarudi wote. Hakuna aliyekuwa na mgonjwa nyumbani. Ila mzee mmoja wa safu ya saba alimwendea taratibu akamwambia, "Dada yangu, kiti ni kizuri sana. Lakini mimi natazama nguzo."

Nguzo! Alikuwa amepima magoti, migongo na inchi, akaisahau nguzo iliyosimama pale tangu jengo lijengwe. Akamtafutia mzee kiti cha akiba pembeni, uso ukimwaka.

Mchezo ulipokwisha, meneja alimkuta nyuma ya ukumbi. Alikuwa na tabasamu la mtu aliyejiandaa kuomba radhi.

"Mama, hakuna aliyeondoka kabla ya mwisho. Nimehesabu."

"Na mlangoni ulihesabu?" akamjibu. "Wale niliowarudisha? Waongezee onyesho la mchana. Zungumza na mwongozaji sasa hivi, kabla hajavua viatu. Na safu ya saba, nyuma ya nguzo, kuna viti viwili ving'olewe."

"Viwili tena!"

"Viwili."

Meneja akashusha pumzi, akaenda kumtafuta mwongozaji. Mama Tulieni akabaki akipita katikati ya safu tupu, akikaa kwenye kiti kimoja, akiinuka, akikaa kwenye kingine, akinyoosha shingo kuona kama kuna nguzo nyingine aliyoisahau.