Niligonga puli ya injini ya boti kwa nyundo, na mzee wa Mbale akabeba kosa

Wakuu salaam. Hii sijawahi kuitoa mdomoni, hata mke wangu haijui. Mtakaonitukana mna haki, ila someni kwanza mpaka mwisho.

Mimi ni fundi wa injini, naishi Mafubira, Jinja. Nimekulia kwenye gereji za malori, boti nimeziingilia ukubwani.

Kuna mwanajeshi mstaafu wa Kimaka, tunamwita Afande tu. Kiinua mgongo chake chote kiliishia kwenye boti ya mbao ya kubeba watalii, injini ya ndani, ya petroli. Mke alishafariki, watoto wako mbali. Ile boti ndiyo ilikuwa inamtoa kitandani asubuhi.

Injini ikaanza kutetemeka. Kufungua, nakuta harmonic balancer imekufa.

Kwa wasiojua, ni ile puli nzito ya mbele ya krenki, mhimili mkuu wa injini: kitovu cha chuma, pete ya chuma kwa nje, katikati raba inayomeza mtetemo. Raba ilikuwa imeoza.

Jinja nilikosa mpya. Nikaipeleka Mbale kwa Mzee Masaba, ambaye kazi yake ni kuvisha puli kuukuu raba mpya.

Akanikabidhi kwa mikono miwili. "Fundi, hii usigonge. Vuta na bolti, pole pole. Ukigonga, raba inaachia."

Nikaitikia vizuri kabisa.

Jumamosi nikaanza kufunga. Bolti ndefu niliyokuwa nayo ikakataa uzi wa krenki. Dawa ilikuwa kukerezewa nyingine, lakini mwenye mashine alikuwa hafungui mpaka Jumatatu, na Afande alikuwa na wageni wa Jumapili.

Basi nikafanya tunavyofanya kwenye malori: kipande cha ubao, nyundo kubwa, gonga. Ikaingia. Pigo moja liliteleza kwenye ubao likatua kwenye pete. Nikajiambia si kitu.

(Hiyo "si kitu" imeua injini nyingi kuliko kukosa oil.)

Wiki tatu injini ilitulia na Afande akawa ananisifu kila kona. Wiki ya nne, boti ikiwa majini na abiria sita, pete ikachomoka, ikakata mpira wa maji ya kupoza, injini ikazima. Upepo ukawasukuma kwenye mawe, ubavu ukapasuka. Wavuvi waliwatoa watu wote salama. Boti haikutengenezeka tena.

Pete tuliikuta chini ya injini. Alama ya nyundo ilikuwa pale pale. Niliifuta kwa tupa kabla Afande hajaiona, kisha nikamwambia raba ya Mbale ilikuwa mbovu.

Akasema twende.

Afande alimfokea Mzee Masaba mbele ya wateja, kwa Kiswahili cha kambini. Huku kwetu wazee wa umri ule wakisikia Kiswahili cha namna hiyo wanakumbuka mbali, enzi za utawala wa wanajeshi. Mzee akaipokea ile pete. Akaigeuza, akaniangalia.

"Fundi, ulivuta na bolti?"

Nikasema ndiyo.

Akaitazama tena. "Basi Afande, kosa ni yangu. Unisamehe."

Hakubisha hata kidogo. Aliniamini kwa sababu mimi ni fundi kama yeye.

Tangu siku hiyo hapokei puli ya mtu. Anasema mikono yake imeisha. Afande naye yuko kwake Kimaka, hatoki, na mimi nikipita ananikaribisha chai. Naona aibu kuinywa, lakini nainywa.

Nilichojifunza ni kidogo: puli huvutwa, na bolti ikikosekana unasubiri Jumatatu. Hayo mengine, kufuta alama na kumsingizia mtu, nilikuwa najua ni mabaya tangu zamani, nikayafanya hivyo hivyo.

Kusema nitasema. Ninachoshindwa ni pa kuanzia, Kimaka au Mbale. Nishaurini, wakuu, hata kwa ukali. Ila mjue kwamba hadi leo mtu akimtajia Mzee ile ajali na kuuliza kama fundi hakukosea kufunga, Mzee ananitetea.