Bi Tima wa Siyu aijua siku ng'ombe wake atakapozaa

Asubuhi imeshapambazuka Siyu, kisiwani Pate, na Bi Tima Abdulwahid amemaliza kukamua. Anafuta mikono kwa upindo wa leso, anamsogelea ng'ombe mwekundu aliyesimama horini na kusoma nambari ya sikioni. Kisha anaitoa simu kifuani na kuibonyeza kwa kidole gumba.

"Huyu leo simkamui," anasema. "Amebakisha miezi miwili azae. Kiwele kinapumzika."

Si kwamba amekisia. Programu ya kutunza kumbukumbu za mifugo iliyo kwenye simu yake ndiyo iliyomkumbusha. Humo ameandika siku kila ng'ombe alipopata joto la kutaka dume, siku alipopandikizwa mbegu, na siku daktari alipompima na kuthibitisha mimba. Yaliyobaki programu hupiga hesabu yenyewe.

Bi Tima, mama wa watoto wanne, hakuanza hivi. Ng'ombe wake wa kwanza wa maziwa alimrithi kwa mamake, na alimpoteza zizini humu humu.

"Tulijua ana mimba, lakini lini atazaa, Mungu ndiye ajuaye," anakumbuka. "Uchungu ulimshika ghafla, ndama akakwama. Daktari yuko Mokowe, bara, bahari imechafuka, hakuna ndia ya kuvuka. Nilimshika kichwa mpaka akakata roho. Ndama naye alikufa tumboni."

Kwa wiki nzima hakuingia zizini. Mumewe, Bwana Muhdhar, ndiye aliyefagia na kuyaondoa majani yaliyobaki.

Baadaye daktari wa mifugo, Dkt. Kagendo, alipoitisha mafunzo ya akina mama huko Faza, Bi Tima alikwenda. Huko ndiko alikoiona programu hiyo kwa mara ya kwanza. Aliporudi nyumbani akaanza kumwandika Marjani, mtamba aliyekuwa amebaki, mumewe alicheka.

"Nilimwambia, ng'ombe na simu wapi na wapi?" anasema Bwana Muhdhar, mwenyewe akitabasamu. "Mimi nimezaliwa kwenye ng'ombe. Najua kwa mato, kwa kumtazama tu."

Marjani alipandikizwa mbegu, wiki tatu zikapita bila joto kurudi, na baadaye Dkt. Kagendo akampima. Ana mimba. Bi Tima akaandika, akaendelea kulisha na kusubiri.

Mimba ilipokaribia mwisho, mume na mke walitofautiana. Bwana Muhdhar alikitazama kiwele cha Marjani akasema bado, labda mwezi mwingine. Simu ilisema ni wiki hiyo hiyo. Na wiki hiyo tangazo lilikuwa limetoka kwamba upepo mkali unakuja na mashua zitazuiwa.

Bi Tima alimpigia daktari.

"Nilimwambia, daktari, vuka leo. Kesho hutaweza kuya," anasema. "Akaniuliza, Bi Tima, una hakika? Nikamjibu, nina hakika. Lakini nilipokata simu, nilirudi kuzihesabu siku upya. Kama nimekosea, nimemtoa mtu kazini kwake bure."

Dkt. Kagendo alivuka kwa mashua ya mwisho ya siku ile na kulala kwao. Kesho yake bahari ilifungwa. Siku nzima Marjani alikula majani kama kawaida, na kila alipopita zizini, Bwana Muhdhar alimtupia mkewe jicho.

Siku iliyofuata, watu wakinywa chai ya asubuhi, Marjani alilala chini akaanza kuguna.

Ndama alikuwa na mguu mmoja uliokunjika nyuma, shida ile ile iliyomuua ng'ombe yule wa kwanza. Dkt. Kagendo aliingiza mkono, akausukuma mwili wa ndama nyuma kidogo, akaunyoosha mguu. Bi Tima na mumewe wakavuta kamba iliyofungwa miguuni mwa ndama kila Marjani aliposukuma.

"Ningepigiwa simu asubuhi ile, nisingefika," anasema daktari huyo. "Yeye ndiye aliyenivusha kabla ya shida."

Ndama jike alianguka kwenye majani makavu, akapiga chafya, akatikisa masikio. Bi Tima alikaa chini pale pale, kwenye samadi, akalia. Bwana Muhdhar alimfunika mkewe mabega kwa kikoi chake, akasema kwa sauti watu wote waisikie: "Mashallah. Mke wangu ndiye aliyejua."

Watoto wa mtaa walimwita ndama yule Simu, na jina likashika.

Sasa majirani hawangoji kuitwa. Asmaa, anayefuga nyuma ya msikiti, huja mbio kila ng'ombe wake akipata joto. "Mimi humwambia Bi Tima kabla sijamwambia mume wangu," anasema, na zizi zima linaangua kicheko. Ng'ombe wa akina mama kumi na mmoja wamo kwenye simu ile, na tangu Simu azaliwe hakuna aliyekufa kwa kuzaa.

Mwezi ujao Bi Tima anakwenda bara kujifunza kupandikiza mbegu mwenyewe. Bwana Muhdhar ndiye atakayebaki akikamua, na tayari ameanza kufundishwa kuandika kwenye programu.

"Miaka yote sisi ndio tunaosubiri mtu avuke bahari aje atuokoe," anasema Bi Tima, akijifunga leso upya. "Nataka siku moja mama wa kisiwa cha Ndau apige simu, na mwenye kupanda mashua niwe mimi."