Bwawa la Kuogelea na Shimo la Mihogo

Bwawa la kuogelea lilikuwa wazo langu, na mume wangu analikana hadi leo. Tuna nyumba ya wageni hapa Kasulu, kwenye mteremko unaoshukia bondeni, nami mtu wa Tanga nikaona wasafiri wa Kibondo watapenda kuogelea. Fundi alipochimba, maji yalimjaa miguuni kabla hajafikia kina. Akatandika mawe chini ya sakafu, akalaza bomba la kuyatoa maji ya ardhini hadi bondeni, kisha akanionya nisije nikalikausha bwawa, maana maji ya chini yatalibinua.

Kiangazi cha kwanza maji yalipungua, nikasingizia jua. Mvua ziliporudi yakatulia, nikajipongeza. Kumbe bwawa lilikuwa na ufa, na wakati wa mvua maji ya ardhini hupanda na kuusukuma kutoka nje, ndiyo maana hakikutoka kitu.

Kiangazi kilichofuata nilijaza ndoo maji ya bwawa, nikaiweka kwenye ngazi ya bwawa lenyewe, nikachora alama ndani ya ndoo na nyingine ukutani. Kama ni jua, vyote vingeshuka sawa. Kesho yake ndoo ilikuwa imeshuka kidogo tu, bwawa limeiacha mbali.

Siku hizo mlinzi wetu wa geti hakuwa na raha. Mama yake alikuwa amemshikia bango mkewe: mihogo anayoloweka bondeni hailainiki, unga unatoka mchungu. Kwa Waha, mke asiyejua kuloweka mihogo ni mke wa kuchekwa.

"Mama anasema anaiopoa kabla ya wakati," aliniambia. "Anataka nimrudishe kwao Manyovu akafundishwe upya."

Nilimpa pole ya mdomoni, nikarudi kwenye ndoo yangu.

Siku ya pili nilizima pampu, maji yakatulia. Nikaingia mwenyewe na chupa ya rangi nyekundu ya keki, nikawa naiminya kidogo kidogo karibu na sakafu. Sehemu nyingi rangi ilielea tu. Kwenye kona ya kina kirefu ikanyooka kama uzi na kuzama ndani ya ufa. Nilipiga vigelegele peke yangu. Nikaimalizia chupa yote palepale, nikajifunga kanga, nikashuka bondeni kuutazama mdomo wa bomba.

Bomba lilikuwa linamwaga kwenye shimo la mihogo. Mke wa mlinzi alilichimba pale kwa sababu maji yake hayakauki. Alikuwa ameinama, mikono ndani, akibonyeza muhogo mmoja baada ya mwingine, na maji yameanza kuwa mekundu kwenye viwiko vyake. Dawa ninayotia bwawani kuua uchafu ilikuwa inaua kile kinachochachusha mihogo yake.

"Mwakeye," alinisalimu, bila kuitazama ile rangi.

Nilimshika mkono, nguo zikinichuruzika, mpaka kwa mama mkwe wake aliyekuwa akipepeta maharage uani.

"Mama, usimrudishe kwao," nilisema. "Kosa ni langu. Dawa ya bwawa langu inavuja mpaka kwenye shimo lake. Leo naacha kuitia, na ufa nitauziba."

Mama aliweka ungo chini, akamgeukia mkwewe. "Sasa wewe mbona hukusema?"

"Nilijua, mama," binti alijibu, macho chini. "Harufu ya dawa naisikia tangu mvua zilipokata. Nikaona afadhali mimi nirudi kwetu kuliko mume wangu afukuzwe getini."

Mama alinisogezea kigoda, kama mgeni yeyote. Sikuweza kukaa. Nilitaka kuapa kwamba nisingemfukuza mtu kwa neno kama hilo. Lakini mlinzi aliyemtangulia nilimfukuza kwa sababu alinijibu mbele ya wageni, na pale uani hakuna asiyelijua hilo.