Watoto wa Cucu

Hii hadithi hamtaiamini. Hata mimi Gachoki, ninayejulikana Kianjokoma yote kwa kusema ukweli mpaka unanenepa, niliikataa mara ya kwanza. Ni ya sungura kikongwe aliyezaa. Mwenye sungura huyo, Ireri, huyu hapa kando yangu, anakunywa chai na kuninyamazia.

Ireri alikuwa na mvi tayari alipoanza kufuga sungura. Kwetu huo ni ufugaji wa watoto wa shule. Mzee hufuga ng'ombe, akikosa hufuga mbuzi, akikosa hunyamaza. Sokoni tulimcheka vilivyo. "Mzee Ireri, shule zimefungwa lini?"

Akajibu tu, "Mama Purity amekatazwa nyama nyekundu."

Watu wakaona haya. Mimi niliona kidogo.

Mama Purity ndiye Winfred, mkewe, ambaye ugonjwa wa tumbo ulikuwa umembakisha mifupa na macho. Kwa ajili yake Ireri alijifunza kuanika majani ya viazi vitamu yanyauke kwanza, kumpeleka jike kwa dume wala si dume kwa jike, na kuchinja bila mnyama kupiga kelele. Nyama aliipika mwenyewe, ikalainika mpaka ikaachana na mfupa.

Ila mmoja hakuguswa. Jike wa kijivu, sharubu nyeupe, aliyeacha kuzaa zamani. Winfred alimwita Cucu, yaani nyanya, akawa anashinda naye juani, amempakata.

"Huyu ukimchinja," alimwambia mumewe, "jua umemchinja mama mkwe."

Mvua zilipoanza, Winfred akazidiwa. Ireri, mguu mmoja hospitali, mwingine nyumbani, akawatupia sungura majani ya kabeji yakiwa bado yanachuruzika maji. Mkulima mzima! Matumbo yakawavimba, wakafa kibanda baada ya kibanda. Akabaki Cucu tu, kwa kuwa yeye alilala jikoni na kula maganda ya huko.

Hospitali wakasema mgonjwa arudi nyumbani, na sote tukaelewa maana yake. Siku kadhaa alikataa hata uji. Halafu jioni moja akafungua macho.

"Baba Purity, nasikia hamu ya supu ya sungura."

Ireri alisimama jikoni mpaka moto ukazimika, akauwasha tena. Cucu hakupiga kelele.

Winfred akanywa. Katikati ya bakuli akauliza, "Cucu yuko wapi? Niletee nimpakate."

"Hawezi kuguswa," Ireri akasema. "Amejinyonyoa manyoya, amejenga kiota. Amezaa."

Na kila mfugaji anajua, jike aliyezaa ukimsumbua atakula watoto wake.

"Cucu? Na uzee ule?"

"Cucu."

"Wangapi?"

Sasa sikilizeni. Huyu Ireri, mtu asiyeweza kudanganya hata mbuzi, siku hiyo alidanganya kunishinda mimi! Winfred akaamini kila neno. Akaaga dunia alfajiri akitabasamu kama bibi harusi, akiwapa majina wale watoto kumi na wawili, mmoja mmoja, na wa mwisho, kwa heshima yangu, akamwita Ga—

"Sita," Ireri akanikatiza, akiweka kikombe chini. "Nilimwambia sita. Na hakuamini, wewe Gachoki. Aliushika mkono huu, akaunusa. Halafu akamaliza supu."