Aliyeniamshia Bodi ya Bi Rukia

Haya sikusimuliwa. Yalinipata mimi mwenyewe, tena mchana kweupe, watu wametoka kuswali alasiri. Usiponiamini sitakulaumu, lakini nisikilize kwanza.

Kazi yangu ni kuhamisha mifumo. Mtambo mdogo ukizeeka, nachukua mfumo wa programu unaouendesha, nauzoesha bodi mpya, kile kibao cha saketi. Nina kijiduka changu Makadara. Siku moja alinijia dada mmoja, Zuhura. Mamake, Bi Rukia, ni kiziwi na huishi peke yake Mji wa Kale. Mtu akibisha hodi, taa huwaka chumbani kwake juu, ndipo ajue. Bodi ya taa hiyo ililiwa na chumvi ya bahari, ikafa. Punde tu gesi ikavuja jikoni. Majirani walibisha hata wakavunja mlango, na mwenyewe yuko juu kitandani, hana habari.

Basi nikaenda na bodi mpya. Zuhura alimpeleka mamake kliniki, nami nikatia komeo kwa ndani, nikakaa chini ya ngazi na kompyuta yangu. Umeme bodi inapata, lakini mfumo hauamki. Kioo cheusi. Nikabadilisha hiki, nikajaribu kile, wapi!

Nikasikia mtu anashuka. Mwanamume wa makamo, kikoi na fulana, bisibisi ameichomeka nyuma ya sikio. Nikajua ni mwanawe Bi Rukia, kaja kumtazama mamake na alikuwa kalala juu. Wewe ungedhani nini?

"Salaam aleikum, fundi."

"Aleikum salaam."

Akainama, akatazama kazi yangu. "Kumbukumbu ya bodi hii waielekeza mahali sipo. Haianzii hapo."

Nikasoma tena maelezo ya bodi. Kweli, nilikuwa nimeacha anwani ya kumbukumbu ya bodi ile ya zamani. Nikairekebisha, nikawasha. Wallahi, maandishi yakamiminika kiooni! Nikageuka nimshukuru. Hayupo.

Zuhura na mamake waliporudi nikawafungulia, nikamwambia Zuhura, "Nduguyo amenifaa sana leo."

"Ndugu yangu yupi?"

Nikamweleza, hata ile bisibisi. Akanisimulia. Kakake, Athumani, ndiye aliyeitengeneza taa ile. Aliteleza darini akimalizia kuvuta waya zake, akaanguka, akafa.

Bi Rukia alikuwa akitusoma midomo. Hakulia. Aliniuliza tu, "Amekonda?"

Nikamwambia hajakonda.

Taa inafanya kazi hadi leo. Ila kila alasiri huwaka, na mlangoni hakuna mtu. Bi Rukia, na magoti yake mabovu, hushuka ngazi zote zile kwenda kufungua. Zuhura amenisihi niitengeneze. Nimeikagua mara nyingi, mfumo hauna kosa. Nilipotaka kuizima saa hizo za alasiri, mama alinishika mkono: "Ukimfungia mwanangu nje, sikupi radhi."

Nikaiacha. Na tangu siku ile siwezi kufanya kazi nikiwa nimeipa ngazi mgongo.

Nawe fundi mwenzangu, ukiitwa kuhamisha mtambo wa mtu, uliza kwanza aliyeutengeneza yuko wapi. Ukiambiwa ni marehemu, ubebe ukaufanyie kazi dukani kwako.