Daraja la Tatu

Juzi niliona behewa kuukuu pale stesheni ya Eldoret, lina namba tatu ubavuni, na hasira ikanipanda upya.

Nilikuwa mdogo, tukienda Bungoma kwa gari la moshi. Mama, mjamzito, alisimama hadi miguu ikavimba, ndani ya behewa lililonuka makaa na kuku. La Wazungu lilikuwa na viti vya ngozi, vitupu.

“Mama, mbona hatukai kule?”

“Sisi ni wa daraja la tatu, mwanangu.”

Daraja nililolijua mimi ni la mtoni. Nikachungulia dirishani, nikihesabu. Tulipovuka la tatu, vyuma vikinguruma, nilimvuta leso: “Mama, tumefika! Twende tukakae!”

Watu walicheka. Mama hakucheka.

Tulivuka mengine mengi. Mama alifika Bungoma amesimama. Viti vile vilifika vitupu, tena vimepanguswa vumbi.