Mwalimu wa Kuomba Radhi

Pale Kanazawa, mji wa Japani, juu ya duka la fundi miavuli, kuna chumba ambamo wafanyabiashara wa kigeni hufundishwa adabu. Mwenye chumba ni Bi Kunieda Sumie, mwanamke wa miaka sitini na saba, mfupi, mwenye ulimi usiojua likizo. Miaka thelathini na minne alikuwa karani katika kampuni ya mashine za kufumia nguo. Alimimina chai kwenye mikutano isiyo na idadi, na kwa jinsi mgeni alivyoipokea kadi ya jina ya mwenyeji wake, yeye alijua kama biashara ipo au haipo kabla wakubwa hawajajua. Alipostaafu walimpa shada la maua. Kazi akajipa mwenyewe.

Wanafunzi wake ni watu wazima, mameneja wenye vitambi na wanawake wenye kampuni zao, na wote yeye huwachapa kwa maneno bila upendeleo. Mjerumani mmoja alipokea kadi ya mwalimu, akaitia mfuko wa nyuma wa suruali, kisha akaketi.

"Bwana," akamwambia, "hilo ulilolikalia ni jina langu. Lako nilikalie lini?"

Kuinama huwafundisha mbele ya jokofu lake. Husema kwamba mtu akiweza kuliheshimu jokofu, mkuu wa ununuzi hatamshinda. Ukienda kwa wenye chongo nawe fumba lako, na Bi Sumie ndiye wa kukuonyesha ni lipi la kufumba na kwa muda gani.

Masika moja alipanda ngazi zile Davron, Mwuzbeki wa bonde la Fergana, kijana wa miaka thelathini na minne, muuzaji wa matunda ya aprikoti yaliyokaushwa. Mteja wake mkubwa, na tuseme ukweli, wa pekee, alikuwa Mzee Nagamori, mwenye duka la vitamu lililorithiwa vizazi sita. Kipande cha kokwa kilikuwa kimesalia ndani ya aprikoti moja, kikaingia kwenye kitamu, na mteja wa Mzee akavunjika jino. Mzee, na miaka yake themanini na mmoja, alikwenda mwenyewe nyumbani kwa huyo mteja akapiga magoti. Davron alituma barua pepe ya kurasa nne. Tangu hapo oda zikakoma, na barua zake hazikujibiwa.

"Barua pepe?" Bi Sumie alisema. "Mzee wa watu kapiga magoti kwa ajili yako, wewe unamtumia barua pepe?"

"Lakini nilieleza kila kitu, Mwalimu. Mashine ya kutoa kokwa iliharibika, halafu fundi..."

"Nani kakuuliza habari za mashine?"

Davron akaimeza habari ya fundi, ingawa ilimgharimu. Kijijini kwao wanawake arobaini, mama yake akiwa mmoja wao, walikuwa wakianika aprikoti kwa ajili ya duka lile moja. Kama Mzee Nagamori asingewarudia, mavuno yangebaki juu ya mapaa yao yakiliwa na ndege.

Kadi aliijua kwa siku moja. Kuinama, wiki mbili. Kilichomshinda ni mdomo. Kwao mgeni akinyamaza mezani, wenyeji humwuliza kama anaumwa, na huyu alikuwa ameumbwa kusema. Bi Sumie alikaa mbele yake, akakunja mikono na kufumba macho, kama wafanyavyo wazee wa pale wanapopima jambo.

"Sasa tulia," akamwambia. "Mpaka nitakaposema mimi."

Sekunde ishirini hazikufika.

"Mwalimu, mvua ya leo, eh?"

"Umeshauza shamba!" Bi Sumie akapiga meza. "Mzee anafikiri, we unamletea mvua! Mtu akinyamaza ujue umo ndani ya kichwa chake. Ukisema, umejitoa mwenyewe."

Wakarudia hadi jasho likamtoka. Kiangazi, mavuno yalipoiva, Davron alirudi kwao. Yeye, mama yake na wale wanawake waliiweka mashine kando, wakazipasua aprikoti zote kwa kisu, moja moja, na kila moja wakaipekua kwa kidole. Alirudi Kanazawa mikono imebabuka, na hadithi hiyo ikimwasha ulimini.

"Hiyo hutaisema," Bi Sumie akamkata.

"Lakini ni kweli!"

"Ni kweli, ndiyo. Ila ukweli ukitoka kinywani mwa mkosaji unageuka udhuru. Utasema kosa ni letu, utainama, utafunga mdomo. Basi."

Davron alinuna siku mbili, kisha akakubali. Bi Sumie hakuzaa, na kama jambo hilo lilimuuma hakumwambia mtu. Lakini majira yale alianza kupika wali wa watu wawili kila Jumatano, akidai kwamba sufuria yake haijui kupika kidogo. Alimpenda kijana yule, na alijiona mjinga kwa kumpenda.

Alimwandikia Mzee Nagamori barua kwa brashi na wino, mistari sita tu, akaipasua mara tatu na kuiandika upya. Jibu lilikuja Januari: waje Alhamisi, saa nne asubuhi. Boksi la zawadi akalichagua yeye, biskuti za mchele za chumvi kutoka duka lenye umri sawa na la Mzee, maana fundi wa vitamu humpelekei vitamu. Akaenda kama mkalimani, Davron asije akakwama kwenye maneno makubwa.

Waliketishwa kwenye mito ya kukalia iliyowekwa juu ya mikeka katika chumba kilicho nyuma ya duka. Davron akalisogeza boksi kwa mikono miwili. Akasema maneno yake, kosa ni letu, tumekuaibisha, naomba radhi, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Alipoinuka, Mzee Nagamori alikunja mikono, akafumba macho.

Kimya. Birika likawa linakoroma juu ya makaa. Theluji ikaporomoka kutoka paani. Davron alitulia, macho chini, masikio yamemwiva. Dakika ikapita, ikaja nyingine. Bi Sumie aliona tone la jasho likimshuka kijana shavuni na yeye asilifute. Aliona ile mikono iliyobabuka imetulia juu ya magoti, na moyo wake ukamshinda.

"Mzee, amezipasua zote kwa mkono!" alisema. "Moja moja! Yeye na mama yake! Mimi ndiye niliyemkataza asiseme!"

Kisha akajiziba mdomo. Mkalimani hana maneno yake mwenyewe, hilo amelifundisha miaka nenda rudi, na sasa alikuwa ameiharibu kazi ya miezi tisa kwa pumzi moja. Angetamani mkeka ummeze.

Davron akamtazama. Kisha akatoka juu ya mto aliokalia, akarudi nyuma hadi kwenye mkeka mtupu, akainama upya.

"Mzee, aliyesema ni mtu niliyekuja naye. Kosa lake ni langu. Naomba radhi."

Hakuna aliyemfundisha hayo. Bi Sumie hakuwahi kufikiri kwamba siku moja mwenye kuombewa radhi atakuwa yeye.

Mzee Nagamori alifumbua macho. "Mama yako ana miaka mingapi?"

"Sitini na tisa, Mzee."

"Anaona vizuri?"

"Anavaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine."

Mzee akaguna, labda alicheka. Akalichukua boksi, akajiinua kwa taabu ya magoti, akaingia nalo chumba cha pili na kuufunga mlango. Huko ndani ikasikika kengele ndogo, mara moja. Aliporudi mikono ilikuwa mitupu.

"Nje kuna baridi," alisema. "Mwende salama."

Walipofika barabarani Davron alikuwa amepauka.

"Amekataa, siyo? Hakusema lolote, Mwalimu. Hata neno moja."

Alipogeuka alimkuta Bi Sumie analia waziwazi, pua nyekundu, wala hajishughulishi kujifuta.

"Hukusikia kengele, we mtoto? Ile ni kengele ya madhabahu ya wazee wake. Boksi lako kaliweka mbele ya marehemu baba na mama yake, waonje wao kwanza. Mtu hawalishi wazazi wake chakula cha mtu asiyemtaka. Mwambie mama yako aendelee kupasua."

Davron akatoa simu, akauliza kama anaweza kumpigia sasa hivi. Bi Sumie akaanza kueleza kwamba kupiga simu mbele ya lango la mteja ni utovu wa adabu. Akamtazama usoni, akaacha.

"Piga," akasema. "Na umwambie namsalimu."